Jicho la Tini

Vijiti vitatu nilivichomeka mwaka mmoja,
uani kwangu, Mtopanga,
mahali ambapo jembe hulia likigonga tumbawe
na udongo ni kina cha kiganja.

Cha kwanza kilisafiri ndani ya soksi.
Binamu yangu Awadhi alikikata bondeni kwao, Hadhramauti,
akakizungushia gazeti bichi,
akapita nacho forodhani kwa uso wa mtu anayetoka kusali.
"Huu ndio mtini," akasema. "Mingine ni majani."

Cha pili nilinunua kwa Chengo wa miche, barabara ya Bamburi,
kwa bei ya kuku na sufuria ya kumpikia.
Alinionyesha picha: tini kama ngumi ya mtoto,
zambarau, ina umande.

Cha tatu sikukiomba.
Nyumba ya Bi Shekue kule Kibokoni ilikuwa yabomolewa,
na ufani mwa ukuta, juu ya birika,
mtini ulijishikiza kama mgeni asiyeaga.
Fundi ameshainua nyundo. Nikamwambia, ngoja.
Jina lake hakuna aliyelijua. Twauita wa ukutani.

Na Mombasa haisomi vibandiko.
Hapa hewa huvaliwa kama shuka lisilokauka,
kufuli huota kutu mfukoni,
na majani ya mtini vilevile: Mei madoa,
Juni yako chini, nafagia.
Mchangani mna minyoo, huitia mizizi vifundo,
ndiyo maana yote mitatu sasa imo mapipani.

Wa Awadhi ulinawiri hadi jirani akauliza.
Ukazaa tini ngumu kama vifungo vya koti,
zikasinyaa, zikadondoka mbichi.
Nilidhani ni kiu. Nilidhani ni husuda; nikafukiza ubani.
Mwalimu Mwinyihaji, aliyefundisha kilimo hadi macho yakamchoka,
akapasua moja kwa wembe:
"Ua la tini limo ndani, mama, halitoki nje.
Mtini huu wangoja nyigu, mdogo kuliko ufuta,
amwingilie na unga wa dume.
Nyigu huyo hakupanda soksi."

Wa Chengo ulizaa kama picha, sikatai.
Ila jicho la tini zake li wazi, tundu la kitasa.
Masika yakaingia. Sisimizi wakafuata.
Zikapasuka midomo kabla hazijalainika,
ua mzima ukanuka tembo la jana.
Huko bara, penye baridi kavu, labda ungekuwa bibi harusi.

Wa ukutani tini zake hazifiki kungumanga,
rangi ya chai iliyozidi maziwa.
Lakini jicho limefumbwa,
na juu yake tone la utomvu, kama lakiri kwenye barua.
Mvua hupita, haikuti mlango.
Kutu huuvua majani wote; mwezi wa nane wachipua tena,
umezoea kufukuzwa.

Kwa hiyo Kadzo aliponijia na kopo lake tupu la mafuta,
"Nichagulie ulio mtamu,"
nilimwambia utamu uache mwisho.
Uliza jicho kwanza. Uliza nyigu.
Uliza huko ulikotoka, nguo zilikauka kwa siku ngapi.

Awadhi hupiga simu kila Ijumaa, baada ya chakula.
"Zimeiva?"
Mtini wake ungali pale, kando ya tangi;
nasema ni kwa ajili ya kuku, wapenda kivuli chake.
"Zimeiva," namjibu. "Asali."
Na utamu ninaomsimulia ni wa mti mwingine.

Juma lililopita akataka picha.
Nikaweka tini moja ya ukutani kiganjani,
nikaisogeza simu karibu, mti usionekane.
Akanyamaza. Nilisikia kikombe chake kikitua.
"Mbona ndogo hivi?"

"Hali ya hewa," nikamwambia.